Miche mizuri kitaluni, inakufa bustanini: angalia siku ya kuhamisha

Kuna swali naulizwa sana hapa Basotu: "Bwana shamba, miche ilikuwa safi kabisa, nimehamisha, siku ya tatu imelala chini. Nipige dawa gani?" Mara nyingi hakuna cha kupiga. Mche haujaugua, umekosa maji tu, hata kama udongo umelowa.

Iko hivi. Mche unanyonya maji kwa vinyweleo vidogo vya mizizi. Ukiung'oa, vingi vinakatika, lakini majani yanaendelea kupoteza maji vilevile. Na uwanda wetu uko wazi, hasa upande wa mashamba ya ngano yaliyofunguliwa tangu miaka ya 1970, kwa hiyo upepo unamaliza kile ambacho jua limebakisha.

Kwa hiyo kazi inaanza wiki moja kabla. Punguza maji kitaluni kidogo kidogo, toa kivuli, mche uzoee shida. Wa nyanya, kabichi au sukuma wiki unafaa kuhama ukiwa na wiki 4 hivi, wenye majani halisi manne hadi sita. Kitunguu subiri wiki 6 hadi 8, unene wa penseli. Mche mrefu mwembamba uliokimbilia juu, achana nao hata kama unauonea huruma.

Siku yenyewe, mwagilia kitalu vizuri asubuhi, hamisha kuanzia saa 10 jioni. Usivute mche kwa shina, ingiza kijiti chini uinue na udongo wake. Mashimo yawe tayari: viganja viwili vya samadi iliyooza (samadi mbichi inaunguza, na sisi wenye ng'ombe tuna haraka sana ya kuitumia), kisha DAP kizibo kimoja cha soda. Changanya na udongo, rudishia udongo mtupu kidogo juu yake, ndipo uweke mche. Mzizi usilale juu ya mbolea.

Kina hakifanani. Nyanya izamishe hadi karibu na majani ya kwanza, maana shina lake linatoa mizizi likifukiwa. Kabichi izamishe kidogo tu, usifukie kile kichomozo cha katikati, hapo ndipo inapofungia. Kitunguu kikienda chini sana, shingo inanenepa na tunguu linabaki dogo.

Udongo mweusi wa huku una tabia yake. Ukiushindilia ukiwa tope, unakauka kama tofali, unapasuka na kukata mizizi. Subiri uwe na unyevu usiong'ang'ania jembe. Bana kwa vidole tu, kisha tandaza majani makavu au mabua ya ngano, ila kung'uta punje kwanza, la sivyo utapalilia ngano kwenye kabichi.

Sasa hesabu ya maji. Bustani ya mita 5 kwa 10, kabichi kwa sentimita 60 kwa 60, inaingia miche kama 138. Kila mche nusu lita siku ya kwanza ni lita 69, yaani madumu manne ya lita 20, mzigo wa punda mmoja. Kama huo mzigo huna uhakika nao kila jioni kwa wiki ya kwanza, panda nusu ya eneo. Na maji yenye chumvi, kama ya Balangida, usithubutu.

Asubuhi ukikuta shina limekatwa usawa wa ardhi, huyo ni sota. Chimbua hapo hapo, yuko ndani ya udongo amejikunja. Zungushia miche iliyobaki kola ya karatasi ngumu, nusu yake ndani ya ardhi. Mbuzi wa jirani ni habari nyingine, miiba ikae kabla ya mche kufika.

Wewe unayetaka kukodi eka, hesabu waliokufa. Eka ya kabichi kwa nafasi hiyo inabeba miche kama 11,000. Ukipoteza 14 katika ile 138, kwa eka ni zaidi ya 1,100, na mbegu chotara unajua bei yake. Ndiyo maana nasema acha miche ya akiba kitaluni, kumi kwa kila mia, na uzibe mapengo ndani ya siku 7 hadi 10. Ukizidisha hapo, ule wa kuzibia utafunikwa na wenzake, na mnunuzi akija na gari kuchukua kabichi zako, wenyewe utakuwa bado ni majani.