Haidrojeni ya Takataka: Kazi ni Kuilinda Isiliwe

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walifunga mtambo wa lita 1,000 kwenye kiwanda cha mvinyo huko Napa, California, wakaulisha majitaka ya kiwanda hicho. Ndani yake waliwekwa bakteria ambao, wakila uchafu, huachia elektroni kwenye elektrodi. Ukiongeza umeme kidogo, elektroni hizo hukutana na protoni za majini, ikapatikana haidrojeni. Mwaka 2005 kundi la Profesa Bruce Logan wa chuo hicho lilikuwa limeonyesha kwamba volti 0.25 hivi zinatosha kuianzisha kazi hiyo, ilhali kuyatenganisha maji kwa umeme peke yake kunadai angalau volti 1.23.

Haidrojeni ilizalishwa, lakini gesi iliyokusanywa Napa ilikuwa methani kwa asilimia 86 hivi. Humo humo mtamboni walikuwemo vijiumbe wengine, wazalishaji wa methani, ambao chakula chao ni haidrojeni na hewa ya ukaa. Waliila kabla haijavunwa.

Mavuno hayo yana thamani. Kilo moja ya haidrojeni ina megajuli 120 hivi za nishati. Ya petroli ina 44 hivi. Tena haidrojeni ikiungua haitoi hewa ya ukaa. Mwaka 2022 dunia ilitumia tani milioni 95 hivi za haidrojeni, hasa kusafishia mafuta na kutengenezea mbolea, na sehemu kubwa ilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe.

Njia nyepesi zaidi haihitaji umeme: ni uchachushaji. Mabaki ya chakula hufungiwa kwenye tangi lisilopitisha hewa pamoja na bakteria wa jenasi ya Clostridium, ambao huvunja sukari na kutoa haidrojeni. Ili kuwadhibiti walaji wa haidrojeni, watafiti huchemsha kwanza tope lenye vijiumbe. Clostridium hunusurika ndani ya spora zao. Wazalishaji wa methani hufa. Kisha tangi huachwa na uchachu wa pH 5.5 hivi, ambao walaji hao hawaumudu.

Hata hivyo, molekuli moja ya glukosi ina nishati ya kutosha molekuli 12 za haidrojeni, na uchachushaji hauvuki 4. Nishati nyingi husalia kwenye asidi, ikiwemo ile ya siki.

Kwa hiyo mzalishaji wa methani asifukuzwe; apewe tangi lake. La kwanza litoe haidrojeni, la pili ligeuze asidi kuwa biogesi. Tangi hilo la pili si geni kwetu: Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa biogesi ya mabaki ya mkonge, zao ambalo jani lake hutoa nyuzi asilimia 4 hivi tu. Halmashauri zetu zianze kwa kutenganisha taka sokoni, maganda mbali na plastiki. Bila hilo, hakuna tangi litakalofanya kazi.