Kusafisha Matini za Kiswahili kwa Ruwaza: Kila Kanuni ni Dai la Kiisimu

Ikisiri

Watafiti wa Kiswahili wanazidi kutegemea matini za kidijiti zinazotokana na vitabu vilivyopigwa skana, magazeti na mitandao ya kijamii. Matini hizo aghalabu humfikia mtafiti zikiwa na kasoro zinazopotosha hesabu na mahitimisho. Makala hii inafafanua namna ya kuzisafisha kwa kutumia ruwaza za utafutaji pamoja na zana sahili zinazopatikana bila malipo. Mifano imejikita katika maeneo manne: ritifaa ya ng', umbo la silabi, mipaka ya mistari, na tahajia zisizo sanifu. Hoja kuu ni kwamba kila kanuni ya usafishaji ni dai kuhusu lugha, na kwa hiyo inapaswa kupimwa na kuripotiwa kama dai lingine lolote la kiisimu.

1.0 Utangulizi

Katika tafiti nyingi zinazotumia koposi, sehemu ya mbinu hutaja kwamba data "zilisafishwa" kabla ya kuchanganuliwa, kisha mjadala ukaendelea. Msomaji haelezwi ni nini kiliondolewa, kwa kanuni ipi, wala ni maneno mangapi yaliyoguswa. Ukimya huo una athari. Orodha ya marudio ya maneno, kidahizo cha kamusi, au hitimisho kuhusu matumizi ya njeo fulani huweza kuwa zao la kanuni moja iliyotungwa bila kuzingatia tahajia ya Kiswahili.

Tatizo huongezeka kwa sababu zana nyingi ziliundwa kwa kuzingatia lugha nyingine. Kile ambacho zana hizo hukihesabu kuwa mpaka wa neno huweza kuwa sehemu ya herufi katika Kiswahili. Kwa upande mwingine, tahajia ya Kiswahili ina ukawaida mkubwa ambao mtafiti anaweza kuugeuza kuwa kipimo cha makosa. Makala hii inaonesha pande zote mbili.

2.0 Ruwaza na Zana

Ruwaza, kwa maana inayotumika hapa, ni maelezo mafupi ya kundi la mifuatano ya herufi. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na mwanamantiki Mmarekani Stephen Kleene katika kazi iliyochapishwa mwaka 1956, na mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuzitumia ruwaza hizo kutafuta ndani ya matini kwa kompyuta. Programu ya grep iliyofuata katika miaka ya 1970 ingali inatumika leo, pamoja na mwenzake sed, ambayo hubadilisha kile kilichopatikana. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia ruwaza kama hizo ndani ya Notepad++ au LibreOffice.

Alama chache zinatosha kwa mahitaji ya makala hii. Mabano mraba hutaja herufi moja miongoni mwa kadhaa: [aeiou] ni irabu yoyote. Alama ^ inapoanza ndani ya mabano hayo hukanusha: [^aeiou] ni chochote kisichokuwa irabu. Alama + humaanisha "mara moja au zaidi", * humaanisha "mara sifuri au zaidi", na $ ni mwisho wa mstari.

3.0 Ritifaa ya ng'

Katika tahajia sanifu, ng' huwakilisha nazali ya kaakaa laini, ilhali ng huwakilisha nazali hiyo ikifuatiwa na kipasuo. Tofauti hii ni ya kifonimu: ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita, ngoa ni wivu au uchu, ng'ata ni kushika kwa meno, ngata ni kitu kinachowekwa kichwani chini ya mzigo. Ritifaa hapa ni sehemu ya herufi, si alama ya uakifishaji.

Zana nyingi hazilijui hilo. Ruwaza ya kawaida ya kutambua neno, \w+, hukubali herufi, tarakimu na alama ya mstari wa chini pekee. Ikipewa aling'oa, hutoa vipande viwili: aling na oa. Kipande cha kwanza si neno, na mtafiti huenda akakigundua. Cha pili ni neno halali la Kiswahili, na ndicho cha hatari zaidi. Anayechunguza matumizi ya kitenzi oa katika hali ya amri atahesabu visiki, meno na mihogo iliyong'olewa kana kwamba ni ndoa. Ruwaza inayofaa ni hii:

(1) [a-z]+('[a-z]+)*

Ruwaza (1) huruhusu ritifaa pale tu inapofuatwa na herufi. Kwa hiyo ng'ang'ania hubaki neno moja, na alama za kunukuu zilizolizunguka neno huachwa nje. Vilevile huhifadhi ufupisho wa kishairi kama n'tafika.

Kabla ya kuitumia (1), sharti ritifaa ziwe za aina moja. Katika koposi moja inayotokana na vyanzo mbalimbali, ng'ombe huweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka (U+0027 katika Unicode), kwa alama ya kufunga nukuu (U+2019), kwa alama ya kufungua nukuu (U+2018), au kwa ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi (U+02BC). Jicho huona neno moja. Kompyuta huona manne. Aidha, faili lililosomwa kwa usimbaji usio wake hutoa ngâ€™ombe. Kasoro hii ya mwisho hutatuliwa kwanza, kwa kulifungua faili upya kwa usimbaji sahihi, ndipo kanuni ifuatayo itumike:

(2) tafuta: ([Nn][Gg])[’‘ʼ´`]([aeiouwAEIOUW])
badilisha: \1'\2

Alama \1 na \2 hurejesha kile kilichonaswa na mabano ya kwanza na ya pili. Herufi w imeongezwa kwa ajili ya majina yenye asili ya Kisukuma yanayoanza na Ng'wana-. Kanuni haigusi alama za kunukuu zilizo kwingineko.

Hali ngumu zaidi ni pale ritifaa ilipoachwa kabisa, kama katika ngombe. Haiwezekani kutunga kanuni ya jumla ya kubadilisha ngo kuwa ng'o, kwa kuwa ingeharibu ngoma, ngozi na ngoja. Kinachowezekana ni orodha ya maneno yasiyo na mwenzi: ngombe inaweza kurekebishwa moja kwa moja, lakini ngoa na ngata lazima zisomwe ndani ya muktadha. Mpaka kati ya makundi haya mawili hutolewa na leksikoni, na kompyuta haiwezi kuukisia.

4.0 Umbo la Silabi kama Kipimo cha Makosa

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, herufi c hutokea tu ndani ya ch, na q na x hazimo katika alfabeti sanifu. Kanuni hizi, ambazo kila mwanafunzi wa fonolojia anazifahamu, ni kichungio chenye nguvu. Kwanza huandaliwa orodha ya maneno na marudio yake:

(3) tr 'A-Z' 'a-z' < matini.txt | grep -oE "[a-z]+('[a-z]+)*" | sort | uniq -c > orodha.txt

Amri hii hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, huchopoa kila neno, huyapanga, kisha huyahesabu. Orodha hiyo huulizwa maswali matatu:

(4) a. grep '[^aeiou]$' orodha.txt
b. grep 'c[^h]' orodha.txt
c. grep '[qx]' orodha.txt

Swali (4a) huonesha maneno yasiyoishia na irabu. Humo mtakuwa na maneno yaliyokatwa na skana, lakini pia dar, es na salaam, majina kama Hassan, na maneno kama takriban na maalum. Swali (4b) hunasa kosa la kawaida la programu za kusoma picha, yaani e kusomwa kama c: kwcnda, wcnyewe. Kwa hiyo maswali haya hayatoi hukumu. Hutoa orodha fupi ya washukiwa ambayo mtu anaweza kuisoma yote. Kuyafuta majibu yote ya (4a) kungekuwa sawa na kuliondoa jiji la Dar es Salaam katika data.

Kichungio hiki kina kikomo. Programu za kusoma picha huchanganya pia rn na m. Zikisoma mtu kama rntu, mfuatano huo huonekana mara moja, kwa kuwa rn ni nadra sana katika Kiswahili. Hata hivyo, neno karne linao, na likisomwa vibaya huwa kame, ambalo ni neno halali lenye maana ya ardhi isiyo na rutuba wala maji. Hakuna kipimo cha silabi kitakacholigundua kosa hilo. Hapo lazima ruwaza ichukue muktadha:

(5) kame ya ([0-9]+|kwanza|kumi|ishirini)

Ruwaza (5) hutumia maarifa ya kisintaksia na kimaana: karne huhesabiwa, ukame wa ardhi hauhesabiwi hivyo.

5.0 Mipaka ya Mistari

Kistari cha mwisho wa mstari katika kitabu kilichochapishwa kina kazi mbili. Katika wana-/funzi ni matokeo ya upangaji wa kurasa na kinapaswa kuondolewa. Katika isimu-/jamii huenda ni sehemu ya tahajia ya mwandishi. Kanuni inayounganisha vyote huzalisha isimujamii, ambayo ni tahajia nyingine inayotumika, na hivyo hufuta ushahidi wa chaguo la mwandishi. Njia salama ni kuiuliza matini yenyewe: kama umbo lililounganishwa linatokea katikati ya mistari kwingineko, kistari kiondolewe, kama linalotokea ni umbo lenye kistari, kibakizwe, kama yote mawili yanatokea, mtafiti aamue na aandike uamuzi wake.

Katika ushairi, mstari wenyewe ni data. Kanuni zinazounganisha mistari ya nathari hazipaswi kuguswa na faili la mashairi. Badala yake, arudhi inaweza kutumika kama kipimo. Katika shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, kila irabu ni kiini cha silabi, lakini m na n zinazojitegemea huhesabiwa pia bila irabu: mtu ni mizani mbili na irabu moja. Kwa hiyo mshororo wenye irabu zaidi ya 16 unastahili kukaguliwa, na wenye pungufu usomwe ili kubaini kama upungufu huo unafidiwa na nazali hizo au umetokana na herufi zilizopotea.

6.0 Uchafu au Data?

Mifano iliyotangulia inachukulia kwamba kuna umbo sahihi linaloweza kurejeshwa. Katika matini za mitandao ya kijamii, dhana hiyo hulegea. Maumbo kama 2ko kwa tuko au xaxa kwa sasa hayakutokana na mashine. Ni chaguo la waandishi. Kwa anayetunga orodha ya marudio ya vitenzi, kuyasanifisha kunafaa. Kwa anayechunguza utambulisho wa vijana, kuyasanifisha ni kuifuta mada ya utafiti.

Vivyo hivyo kwa ubadilishanaji wa l na r. Anayeandika kupiga kula akimaanisha kupiga kura ametuachia ushahidi wa kifonolojia. Isitoshe, kula na kura zote ni maneno halali, kwa hiyo kanuni ya jumla ingezua makosa mapya. Suluhisho ni kuwa na tabaka mbili: umbo la asili libaki kama lilivyo, na umbo sanifu liwekwe kando yake katika safu nyingine. Kila mtafiti atachagua safu inayojibu swali lake.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, faili la asili lisiguswe kamwe; kazi zote zifanyike kwenye nakala. Pili, kanuni ziandikwe katika faili moja kwa mpangilio wa utekelezaji, kwa kuwa mpangilio hubadilisha matokeo: kanuni (2) ikitumika baada ya (1), ng'ombe zenye alama ya nukuu zitakuwa zimeshakatwa. Tatu, kabla ya kubadilisha, matokeo ya kila kanuni yahesabiwe na sampuli ya kinasibu, tuseme matokeo 100, isomwe na mtu. Sampuli hiyo hubainisha mara ngapi kanuni imekosea. Kurasa chache zilizosomwa kwa mkono hubainisha makosa ambayo kanuni imeyakosa. Nne, faili la kanuni liambatanishwe na utafiti unapochapishwa, ili mwingine aweze kurudia kazi hiyo.

8.0 Hitimisho

Zana zilizojadiliwa ni sahili, na hazihitaji kompyuta yenye uwezo mkubwa wala ujuzi wa miaka mingi. Kinachohitajika zaidi ni maarifa ya fonolojia, mofolojia na arudhi ya Kiswahili, ambayo wasomaji wa jarida hili tayari wanayo. Kanuni (2) inadai kwamba ng' ni herufi moja. (4a) inadai jambo kuhusu silabi. (5) inadai jambo kuhusu nomino zinazohesabika. Madai hayo yanaweza kuwa sahihi au la, na msomaji ana haki ya kuyaona. Sentensi isemayo tu kwamba "data zilisafishwa" haitoshi tena katika sehemu ya mbinu.