Kanzidata Ikae Wapi? (Sehemu ya Pili)

Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia inayotazamana na delta ya Rufiji, palikuwa na mji. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa ufukweni pale. Neville Chittick alichimba magofu yake na kuchapisha taarifa mwaka 1961, lakini wakati huo sehemu kubwa ya mji ilikwisha kuliwa na bahari. Naanzia hapo kwa sababu swali la wiki hii ni hilohilo: kitu kisichotakiwa kupotea kiwekwe wapi?

Tuchukue kazi inayofanyika Mafia kwenyewe. Kati ya Oktoba na Februari, papa potwe husogea karibu na pwani ya Kilindoni kufuata chakula. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwenziwe, kwa hiyo watafiti hupiga picha ubavu wake wa kushoto, nyuma ya mashavu, kisha kompyuta hulinganisha madoa hayo kwa hesabu iliyoazimwa kwa wanaastronomia, ambao waliitumia kulinganisha nyota. Ndani ya kazi hii mna data za aina mbili. Picha ni kubwa. Huandikwa mara moja na kusomwa na wengi. Rekodi, yaani potwe yupi, kaonekana lini, wapi, na nani, ni ndogondogo, nazo hurekebishwa na mikono mingi kwa wakati mmoja. Rekodi ndizo zinazokaa kwenye kanzidata.

Mahali pa kuiweka ni pa aina mbili. Kuzielewa, fikiria ghala la mbata. Hifadhi ya faili kupitia mtandao ni ghala lenye karani. Huoni gunia wala rafu. Unamwambia karani jina la mzigo, naye hutazama daftari lake na kukuletea. Watu ishirini wanaweza kumwendea karani mmoja. Ndivyo inavyofanya kazi NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984. Hifadhi ya bloku ni ghala tupu lenye rafu zilizotiwa namba. Unakabidhiwa ufunguo, na daftari unaweka mwenyewe. Ghala hilo nalo linaweza kuwa mbali, ng'ambo ya waya. Kinachozitenganisha hizi mbili ni nani anayeshika daftari.

Kanzidata ni mhasibu mwenye wasiwasi, na ana haki. Mtu akibonyeza "hifadhi", kanzidata kama PostgreSQL kwanza huandika badiliko hilo kwenye kumbukumbu yake ya awali, kisha huuamuru mfumo wa kompyuta uyashushe maandishi hadi kwenye diski, halafu husubiri. Akishajibiwa kwamba yamefika ndipo humwambia mtumiaji, "Tayari." Usalama wote wa data umening'inia kwenye jibu hilo moja.

Kwa karani, jibu lenyewe linaweza kuwa la uongo. Seva ya NFS ikiwekwa katika hali ya kujibu kabla ya kuandika, husema "tayari" huku maandishi yangali kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika dakika hiyo, rekodi imekwenda na kanzidata haina habari. Upande wa mteja, yaani mashine inayoiomba seva, nako kuna mtego wake: akiwekewa mpango wa kukata tamaa baada ya kusubiri kidogo, mtandao ukiyumba maandishi huweza kuharibika kimyakimya. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyoweka kanzidata yake kwenye folda ya pamoja ili "kila mtu aifikie". Ilidumu vizuri hadi siku umeme ulipozimika. Tulikaa usiku kucha tukilinganisha risiti za karatasi na kilichosalia. Waliounda kanzidata ya SQLite wanaonya waziwazi kwamba kufuli za faili kwenye mifumo mingi ya mtandao si za kutegemewa.

Sisemi NFS haifai kabisa kwa kanzidata. Kanzidata ya Oracle, tangu toleo la 11g la mwaka 2007, huzungumza NFS yenyewe bila kupitia mfumo wa kompyuta, na PostgreSQL huruhusu mpango huo iwapo mteja atawekwa asubiri bila kukata tamaa na seva iandike kabla ya kujibu. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachofanya. Bloku nayo ina hatari yake: ufunguo mmoja ukigawiwa mashine mbili juu ya mfumo wa kawaida wa faili, kila moja itaandika daftari lake juu ya la mwenzake, na ghala zima litavurugika.

Hukumu yangu kwa mradi kama wa potwe ni hii: picha ziende kwenye hifadhi ya faili, kanzidata ipewe bloku yake, kwa mashine moja tu.

Nakala ni jambo jingine, wala bloku nzuri haichukui nafasi yake. Habari za kale za Kilwa, zinazoitaja Mafia pia, zimetufikia kwa njia mbili: moja katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapwa mwaka 1552, nyingine katika hati ya Kiarabu iliyoko London. Hazilingani kila mahali, lakini zipo.

Wiki ijayo nitaeleza namna ya kunakili kanzidata ikiwa kazini. Kabla ya hapo, msomaji, muulize fundi wako: seva yetu ikisema "nimeandika", huwa imeandika wapi?