Karatasi ya Mnara wa Ndege: Ni Hati, Cheti au Mkanda?

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza hadhi ya kisheria ya karatasi ndogo ambazo waongozaji wa ndege huziandika kila siku minarani, pamoja na jina ambalo Kiswahili kingefaa kuzipa. Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika mnara wa ndege. Jibu letu ni kwamba raia hawezi kudai mbele ya hakimu kitu asichoweza kukitaja.

Kwa wakazi wa Beni na Butembo suala hili si la nadharia tupu. Barabara zetu zimekuwa za hatari kwa miaka mingi, na wenye uwezo wa kulipa nauli hupendelea kusafiri kwa ndege kupitia uwanja wa Mavivi au wa Rughenda. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ya aina ya Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee, iliyokuwa ikitoka Goma kuja Beni, ilianguka juu ya makazi ya watu mara tu baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wakiwamo wengine waliokuwa ardhini. Baada ya msiba wa namna hiyo, maswali ya kwanza ya wafiwa huwa ni yale yale: nani aliiruhusu ndege iondoke, saa ngapi, na kwa maelekezo gani? Sehemu ya majibu huwa imeandikwa kwenye karatasi tunayoizungumzia.

2. Karatasi yenyewe

Katika minara ambako karatasi bado inatumika, kila ndege huwa na kipande chake chembamba na kirefu, kilichowekwa katika kishikizo na kupangwa ubaoni mbele ya mwongozaji. Humo huandikwa jina la mwito la ndege, aina yake, inakotoka na inakokwenda, kimo chake, saa na ruhusa iliyopewa. Ndege inapoendelea na safari, mwongozaji huongeza alama. Kimo kikibadilika, desturi ya kazi humtaka akikate cha zamani kwa mstari na kuandika kipya kando yake, bila kufuta, ili cha zamani kiendelee kusomeka.

Kwa hiyo karatasi hii haifanani na mkataba wala na cheti cha kuzaliwa. Mkataba huandikwa mambo yakiwa yamekubaliwa, na cheti hutolewa jambo likiwa limekwisha kutukia. Karatasi ya mnara huandikwa jambo likiwa bado linatendeka, na anayeiandika huiandika kwa ajili yake mwenyewe na mwenzake atakayempokea zamu. Haikutungwa kwa ajili ya mahakama. Hata hivyo, ndege ikianguka, hugeuka kuwa shahidi.

3. Sheria inasemaje?

Kuna ngazi tatu, na kila moja huitazama karatasi hii kwa jicho lake.

Ngazi ya kwanza ni ya kimataifa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinataka karatasi hizi zihifadhiwe kwa muda usiopungua siku 30. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 humpa mchunguzi wa ajali haki ya kuzifikia kumbukumbu zote za huduma ya uongozaji wa ndege, na hutamka wazi kwamba shabaha ya uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Kiambatisho hicho pia kinazilinda baadhi ya kumbukumbu zisitolewe ovyo kwa matumizi mengine. Orodha ya zinazolindwa inazitaja sauti zilizorekodiwa mnarani na maandishi yanayozinukuu; karatasi yetu haitajwi humo kwa jina.

Ngazi ya pili ni ya jinai. Nchini Kongo usafiri wa anga unaongozwa na Sheria Na. 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, lakini anayeichezea karatasi hukutana kwanza na Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 124 kinamwadhibu, kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, anayeghushi maandishi kwa nia ya kudanganya au kudhuru. Na kwa mujibu wa kifungu cha 125, mtumishi wa umma aliyetenda hayo kazini anaweza kufungwa hadi miaka 10. Nia ndiyo inayotenganisha mambo. Mwongozaji aliyekata saa yenye kosa na kuandika iliyo sahihi ametimiza wajibu wake. Aliyeongeza mstari baada ya ajali, ili ionekane kwamba alitoa onyo, ameghushi. Na hapa ndipo desturi ya kutofuta inapopata uzito wa kisheria: kile kilichokatwa lakini bado kinasomeka humlinda mwandishi mwaminifu.

Ngazi ya tatu ni ya madai ya fidia. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ndiyo msingi wa sheria yetu ya madai, hutofautisha maandishi rasmi yaliyopokewa na afisa wa umma na maandishi ya watu binafsi yaliyotiwa sahihi. Karatasi ya mnara haiingii sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Basi huingia mahakamani kama dalili tu, na hakimu huipima pamoja na ushahidi mwingine.

4. Tatizo la jina

Waongozaji wenyewe, hata wanapozungumza Kifaransa, huiita «strip». Mkulima wa Butembo aliyempoteza ndugu yake hana sababu ya kulijua neno hilo. Tuyapime basi maneno tuliyo nayo.

«Hati», neno lenye asili ya Kiarabu, lilimaanisha mwandiko. Lakini leo msomaji hufikiria hati ya nyumba au hati ya kiapo, yaani maandishi yenye nguvu ya kisheria. Kuiita karatasi hii hati ni kuipa uzito ambao sheria haikuipa. «Cheti» kilikuwa zamani barua fupi au kibali kidogo, na maana hiyo ingefaa sana. Tatizo ni kwamba siku hizi cheti huthibitisha jambo. «Karatasi» nalo, ambalo kwetu hutumika kwa kila kitu, kuanzia karatasi ya gari hadi karatasi ya hospitali, halitenganishi chochote.

Linabaki «mkanda». Katika Kiswahili sanifu, mkanda ni kitu chembamba na kirefu, kama wa kiunoni. Katika Lingala, ambayo wengi wetu tunaisikia kila siku, mokanda ni barua au maandishi. Neno moja, kwa masikio ya watu wa mashariki ya Kongo, linabeba umbo la kitu na kazi yake. Lina hatari moja: linaweza kuchanganywa na kanda ya sauti, ambayo, kama tulivyoona, ina ulinzi wa namna yake. Kwa hiyo tunapendekeza «karatasi ya mkanda» kwa maandishi ya mwongozaji, na «kanda ya sauti» kwa mazungumzo yaliyorekodiwa. Anayedai kimoja asije akajibiwa kwa masharti ya kingine.

5. Hitimisho

Katika safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 humpa mwenye madai miaka 2 ya kufungua kesi. Karatasi ya mkanda, isiposhikwa na mchunguzi au mwendesha mashtaka, inaweza kutupwa baada ya siku 30 bila kanuni hiyo kuvunjwa. Katika siku hizo familia bado inapokea wageni wa matanga, na mara nyingi haijazungumza na wakili.

Hapana budi, basi, maombi ya kuhifadhi karatasi hizo yaandikwe mapema, tena yazitaje kwa jina. Wanasheria watasema yapelekwe kwa nani na kwa utaratibu gani. Sisi wa idara za lugha tunadaiwa jina lenyewe, na inafaa tulifundishe kabla ya kuhitajika.