Maziwa, Maharagwe na Vumbi la Risasi: Chakula Kinalinda Ini Kiasi Gani?



Katika mkutano wa wajumbe wa matawi tuliofanya Kiyovu, mjumbe mmoja ambaye kazi yake ni kufungua betri kuukuu za magari alisimama akauliza swali lililotunyamazisha wote. Alisema: "Sisi tulidai feni ya kuvuta moshi na barakoa za kufaa. Mwajiri akatujibu kwamba anatupa nusu lita ya maziwa kila siku, na maziwa huosha sumu kwenye ini. Je, ni kweli? Maana kama ni kweli, tuache kudai."

Mwajiri huyo hatumtaji, na wala si yeye peke yake. Jibu la maziwa tumelisikia katika karakana za rangi, katika viwanda vya kuyeyusha vyuma, hata kwa mafundi wa kulehemu. Siku ile tuliahidi kulijibu katika kurasa hizi baada ya kuuliza wanaojua. Tumeuliza, na jibu ni hili: ndani ya maneno ya mwajiri kuna ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaotumika kutufunga mdomo.

Kwanza tueleze ini lafanya nini. Chakula kikishasagwa tumboni na kunyonywa na utumbo, damu hukibeba mpaka kwenye ini kabla ya kukipeleka kwingine. Ini ni kama forodha ya Rusumo: lori lazima lisimame, lifunguliwe, likaguliwe. Kizuri hupitishwa, kibaya hugeuzwa kiweze kutoka kwa nyongo au kwa mkojo. Lakini metali si kama pombe. Pombe ini laweza kuivunja ikawa kitu kingine. Risasi haivunjiki, kadimiamu haivunjiki, zebaki haivunjiki. (Tukisema risasi hapa tuna maana ya ile metali nzito laini iliyomo ndani ya betri.) Basi ini hubakiwa na njia mbili tu, kuitoa metali nje au kuikamata isizurure mwilini. Ikizidi, seli za ini zenyewe huanza kuharibika.

Ili kukamata, ini lina pingu zake. Mwaka 1957 wataalamu waligundua katika figo ya farasi protini ndogo iliyokuwa imeshikilia kadimiamu. Wakaiita metalothionini. Jina ni gumu, nasi tulilirudia mara kadhaa kabla ya kulishika. Baadaye ilijulikana kwamba ini huitengeneza protini hiyo kwa wingi, na kwamba madini ya zinki tunayoyapata katika chakula ndiyo mojawapo ya mambo yanayolifanya liitengeneze. Wanyama wa maabara waliopewa zinki kabla ya kupewa kadimiamu waliumia kidogo kuliko wasiopewa. Huo ndio ukweli kidogo tuliousema.

Lakini angalieni vizuri: kufunga pingu si kufukuza. Kadimiamu iliyofungwa kwenye ini huhama polepole ikaenda kwenye figo, na huko hukaa miaka 10, 20, hata 30. Mtu aliyeacha kazi akiwa na umri wa miaka 40 aweza kuwa bado anayo akiwa mzee. Na mvuta sigara anajiongezea, kwa kuwa tumbaku nayo ina kadimiamu.

Ulinzi ulio mkubwa zaidi wa madini ya chakula hauko kwenye ini lenyewe. Uko mlangoni, kwenye utumbo. Metali zenye sumu hazina mlango wao, huingia kwa kitambulisho cha mwingine. Kadimiamu na risasi hupita katika mlango wa madini ya chuma. Risasi pia hujifanya kalsiamu, yale madini ya maziwa na mifupa. Mwili wenye chuma cha kutosha huufunga mlango huo nusu. Mwili uliopungukiwa damu huufungua wazi ukitafuta chuma, na sumu hupita papo hapo. Mwaka 1978 watafiti walipima watu wenye akiba ndogo ya chuma wakakuta wananyonya kadimiamu karibu mara nne kuliko wenye akiba nzuri.

Hapo ndipo tunapowafikiria kina mama wa mashambani na viwandani, maana damu huwapungua kwa hedhi, kwa uzazi, kwa malaria na kwa minyoo. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, mgodi ulimwaga maji yenye kadimiamu mtoni, maji hayo yakamwagilia mpunga, watu wakala wali. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee waliozaa mara nyingi. Figo ziliharibika na mifupa ikawa inavunjika kwa kukohoa tu. Wenyewe wakauita ugonjwa huo itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ya Japani iliukubali rasmi mwaka 1968 kuwa ni ugonjwa uliotokana na uchafu wa mgodi. Wali huo waliula wanaume kwa wanawake, lakini haukuwaumiza sawasawa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu sisi lina uzito kuliko yote. Risasi ikiingia katika tumbo lenye chakula, mtu mzima hunyonya chini ya sehemu moja kwa kumi. Ikiingia katika tumbo tupu, hunyonya zaidi ya nusu. Wangapi kati yetu huanza zamu saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi peke yake, wakala saa saba au wasile kabisa mpaka jioni? Kijana wa kufungua betri anayefanya kazi na njaa anaingiza sumu mara nyingi kuliko mwenzake aliyeshiba, na vumbi ni lile lile. Kwa hiyo chakula cha asubuhi kazini si fadhila ya mwajiri wala anasa. Ni kifaa cha usalama kama viatu na glavu, na mshahara usiotosha kununua maharagwe ni hatari ya kazini.

Kile chakula kiwe nini? Si lazima kiwe cha ghali. Sambaza wa ziwa Kivu, wanaoliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu, zinki na chuma pamoja. Maharagwe yana chuma na zinki. Huko Huye wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walilishwa kwa siku 128 maharagwe ya mbegu yenye chuma kingi, na hali yao ya chuma ikawa nzuri zaidi kuliko ya wenzao waliokula maharagwe ya kawaida. Mbegu hiyo inalimwa hapa Rwanda. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, maana yana kitu kinachoshikilia zinki na chuma visinyonywe, na kuloweka hukipunguza (mkaa nao hupungua). Nyanya mbichi, pera au chungwa pembeni husaidia chuma kuingia. Chai huzuia. Ndugu zetu wachumaji wa Mulindi na Gisovu watatusamehe, lakini chai inywewe saa moja baada ya chakula, si pamoja nacho.

Seleni, iliyomo katika samaki, hushikana na zebaki. Hilo linawahusu zaidi wachimbaji wa dhahabu wanaochoma zebaki, kule Geita au Ituri.

Wafanyakazi wa mashamba wasidhani kwamba haya ni ya viwandani tu. Dawa za shaba zimenyunyiziwa kahawa Afrika Mashariki kwa miaka mingi kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Huko Ureno, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu walinyunyiza mrututu uliochanganywa na chokaa mwaka hata mwaka. Mwaka 1969 madaktari waliandika habari za mapafu yao yaliyoharibika, na miaka iliyofuata wakaikuta shaba kwenye maini yao pia. Ajabu ni kwamba dawa mojawapo ya kuzuia shaba inajulikana sana. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao Wilson, ambao shaba hujaa kwenye ini, na wagonjwa hupewa zinki. Zinki huufanya utumbo utengeneze zile pingu tulizozitaja, shaba ikanaswa hapo hapo na kutoka na choo.

Kwa nini basi zinki ya chakula isiwatoshe wale wa Ureno? Kwa sababu wao hawakuila tu ile shaba. Waliivuta. Na hili ndilo jibu la mjumbe wetu. Forodha hukagua kinachopita barabara kuu. Vumbi na moshi unaovutwa hupita njia za panya. Moshi mwembamba wa risasi ukifika ndani kabisa ya mapafu, karibu risasi yote iliyobaki humo huingia kwenye damu bila kupita mlango wa chuma wala mlango wa kalsiamu. Maziwa yako tumboni, nayo sumu imeshaingia kwa njia nyingine. Maziwa hayaoshi ini. Kalsiamu yake hupunguza risasi inayonyonywa na utumbo, basi, na hata hivyo yafaa yanywewe kabla na wakati wa kazi, si getini wakati wa kutoka. Wale wanaosema urwagwa huondoa vumbi kifuani, na kanyanga zaidi, wanaliongezea ini kazi ya pili kabla halijamaliza ya kwanza.

Habari ya Owino Uhuru, Mombasa, inafaa ijulikane na kila tawi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza hapo mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa ofisini, si kwenye tanuru, na mtoto wake mchanga alikutwa na risasi katika damu. Yeye na majirani walipigania jambo hilo miaka mingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hakuna chakula ambacho kingemlinda mtoto yule. Risasi nyingi hukaa kwenye mifupa ya mtu mzima, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha akipungukiwa kalsiamu, mifupa hutoa akiba yake na risasi hutoka nayo.

Na hapa kwetu? Ukisimama Kiyovu ukatazama ng'ambo ya bonde, unaiona Gikondo. Viwanda vilikaa kwenye kinamasi kile miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Masoro, na maji ya bonde hilo huelekea Nyabugogo. Watafiti walipopima kinamasi cha Nyabugogo walikuta kadimiamu, risasi, kromi na shaba. Magimbi na mboga hulimwa katika mabonde ya namna hiyo. Wengi wa waliokaa Kiyovu ya chini, kabla ya kubomolewa mwaka 2008, walikuwa vibarua kama sisi, na soko lao lilikuwa mboga za bondeni. Ndiyo maana hatusemi "kula mboga" tu, bila kuuliza mboga imelimwa wapi.

Neno moja juu ya vidonge. Wapo wanaouza kazini vidonge vya zinki, chuma na seleni "vya kusafisha ini". Msinunue. Zinki ikizidi huondoa shaba ambayo mwili wenyewe unaihitaji, na damu hupungua. Chuma kikizidi hujaa kwenye ini na kuliharibu. Seleni ikizidi ni sumu. Anayehitaji vidonge apimwe damu kwanza, apewe na mganga wa zahanati.

Sheria ya kazi namba 66/2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake kazini. Mjumbe wetu amerudi kwenye tawi lake na barua. Imeomba feni ya kuvuta moshi juu ya meza ya betri, maji na sabuni pamoja na mahali pa kula mbali na karakana, na nguo za kazi zifuliwe hapo hapo zisipelekwe kwa watoto nyumbani. Imeomba pia kipimo cha risasi katika damu, na majibu apewe mfanyakazi mwenyewe mkononi. Maziwa yameachwa yaendelee, ila yatolewe asubuhi pamoja na sahani ya maharagwe. Mwajiri ameomba wiki mbili za kufikiri. Jibu lake likifika tutalichapa hapa.