Fahamu: Mkongwe wa panki anapoingia studio na bendi ya wenzake

Mwimbaji Jello Biafra aliiongoza bendi ya panki ya Dead Kennedys ya San Francisco, Marekani, tangu 1978 hadi ilipovunjika 1986. Hakuweka kipaza sauti chini. Alirekodi albamu na D.O.A. na NoMeansNo, bendi zote za Kanada, kisha akaungana na bendi ya Melvins kutoka jimbo la Washington.

Kazi inagawanywaje?

Biafra huleta mashairi na tuni, ambazo aghalabu huwaimbia wapiga ala kwa mdomo. Melvins walileta kile asichokuwa nacho: gitaa zito la Buzz Osborne na ngoma za Dale Crover, watu waliokwisha kuzoeana kwa miaka mingi. Kwenye albamu yao Never Breathe What You Can't See (2004), Adam Jones wa bendi ya Tool naye alipiga gitaa. Sieg Howdy! ilifuata 2005. Zote mbili zilitolewa na Alternative Tentacles, lebo ya Biafra iliyoanzishwa 1979.

Kwa nini ni muhimu?

Sikiliza California Über Alles, wimbo wa Dead Kennedys. Ulipotoka mwaka 1979, wimbo huo ulimshambulia gavana wa California, Jerry Brown. Katika albamu ya 2005, Biafra na Melvins waliuandika upya na kumlenga gavana wa wakati huo, Arnold Schwarzenegger. Hapo ndipo thamani ya ushirikiano huu ilipo: mkongwe hakuja kula jasho la ujana wake. Alipata nguvu mpya ya kuwahoji wenye madaraka wa wakati huo, na panki iliyoacha kuhoji haina kazi.