Fahamu: Sofa ya vipande ya 1970 iliyorudi sebuleni

Sofa nono ya vipande inayosambaa mitandaoni si mtindo mpya. Ni Camaleonda, iliyobuniwa na Mwitalia Mario Bellini mwaka 1970.

Inafanyaje kazi? Kila kipande ni kiti cha mraba, takribani sentimita 90 kwa 90. Mgongo na egemeo la mkono hushikiliwa kwa kebo, ndoano na pete. Ukizifungua, sofa ndefu inageuka viti viwili au kitanda.

Kwa nini ilipendwa wakati ule? Sponji ya poliurethani ilifanya viti kuwa vinene na laini, nao vijana walipenda kukaa chini na kujinyoosha.

Uzalishaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1970. B&B Italia, kampuni ya samani, iliirudisha mwaka 2020, safari hii ikiwa rahisi kutenganishwa ili vifaa vyake virejelezwe.